Mfupa Hausomi Cheti cha Kuzaliwa

*Hotuba ya daktari wa watoto kwa makocha wa timu za vijana na wazazi, Morogoro*

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu wa mpira, wazazi, na nyinyi vijana mliojibanza kule nyuma karibu na mlango. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Mwenyekiti aliponipigia simu alikuwa na ombi moja tu: "Daktari, njoo utufundishe kumtambua kijeba." Kijeba, kwa wageni wa mpira, ni mchezaji aliyepunguza umri ili acheze na wadogo. Nikamwuliza, kumtambua kwa kutumia nini? Akasema kwa macho, maana mashindano yamekaribia na kila timu inailalamikia nyingine. Nimekuja, lakini nakiri mapema kwamba kijeba kwa macho simjui. Nimetibu watoto miaka mingi, na mpaka leo nikikisia umri wa kijana wa miaka 14 kwa kumtazama tu, nakosea. Wakati mwingine nakosea kwa miaka mitatu. Nataka tuelewane ni kwa nini nakosea, na kwa nini nanyi mnakosea kila Jumamosi pale uwanjani.

Naomba vijana wawili wa mstari wa pili wasimame. Msione haya, wanangu, tumeshakubaliana kabla sijapanda hapa. Wa kushoto ana miaka 14 na miezi minne. Wa kulia ana miaka 14 na miezi sita. Vyeti vyao vya kuzaliwa kutoka RITA nimeviona, na wazazi wao wamo humu ndani. Yule mkubwa kwa tarehe ndiye huyu mfupi. Mdogo wake kwa miezi miwili ana masharubu yanayochungulia, sauti imeshakuwa nzito, na amempita mwenzake kichwa kizima. Asanteni, kaeni.

Sasa mseme kweli. Mngekutana nao mchangani, nani mngemwita kijeba? Na nani mngemwambia, "Wewe bado, rudi mwakani"? Naona mnacheka. Mngewaonea wote wawili kwa siku moja.

Twende kwenye mfupa wenyewe. Kila mmoja hapa amekula kuku. Kuku wa kisasa, yule wa wiki sita, ukimaliza nyama unaitafuna na ncha ya mfupa, inalika. Jogoo wa kienyeji aliyekula chumvi nyingi, ukijaribu hivyo utaacha jino mezani. Ile ncha laini ni gegedu. Kuku wa kisasa anachinjwa kabla mifupa yake haijamaliza kazi. Binadamu naye ana gegedu hiyo: karibu na ncha za mfupa wa paja, wa muundi, wa mkono, kuna tabaka jembamba ambalo chembe zake hujipanga kama safu za sarafu, zinaongezeka, zinausukuma mfupa kwenda mbele, na nyuma yake kalsiamu inaingia na kuyafanya yaliyokuwa laini kuwa mfupa mgumu. Mtoto anarefukia hapo. Tabaka hilo likiisha na mfupa ukaungana, urefu umekwisha, na hakuna dawa, wala kuning'inia kwenye mti, wala mafuta ya kuchua yatakayolifungua tena.

Kinachoamua lini litaisha ni balehe. Mtoto wa miaka sita au saba anarefuka kama sentimita tano au sita kwa mwaka, taratibu, huioni. Balehe inapoanza, homoni zinalikoroga tabaka lile likafanya kazi kwa kasi. Msichana anafika kilele karibu na miaka 12, kwa takriban sentimita nane kwa mwaka. Mvulana anafika karibu na miaka 14, sentimita tisa au kumi. Huo ndio mwaka mama analalamika kwamba suruali ya shule aliyoinunua Januari mwezi wa nane inaishia kwenye muundi. Lakini homoni zile zile zinazoharakisha ndizo zinazofunga. Ni kama kuongeza moto kwenye jiko la mkaa: ubwabwa unaiva upesi, na mkaa nao unakwisha upesi.

Hapa nina jambo ambalo wanaume huwa hawalipendi. Homoni inayofunga mifupa, kwa wasichana na kwa wavulana pia, ni estrojeni, ile tunayoiita ya kike. Mwili wa mvulana unachukua sehemu ya testosteroni yake na kuigeuza estrojeni, na hiyo ndiyo inayofunga. Jambo hili lilithibitika mwaka 1994, madaktari wa Marekani walipoeleza habari za mwanamume wa miaka 28 ambaye mwili wake, kwa kasoro ya kurithi, haukuweza kuipokea estrojeni. Alikuwa amebalehe kama kawaida na alikuwa na testosteroni ya kutosha. Urefu wake ulikuwa sentimita 204 na alikuwa bado anarefuka. Mifupa yake kwenye picha ilikuwa ya kijana wa miaka 15.

Kwa hiyo nawaambia nyinyi mnaonong'onezwa kwenye jimu kuhusu sindano za kujenga misuli: nyingi kati ya hizo ni testosteroni au ndugu zake. Kijana wa miaka 15 akichomwa, misuli itakuja kweli, na mifupa yake inaweza kufunga kabla ya wakati. Anakuwa mnene wa kifua na mfupi wa maisha yote. Mwalimu anayemletea mtoto vitu hivyo namwomba anione baada ya kikao, tuzungumze kando.

Sasa kiganja. Daktari akitaka kujua mifupa ya mtoto imefika wapi, anapiga picha ya mkono wa kushoto, kiganja na kifundo. Kwa nini mkono? Kwa sababu mahali padogo vile pana mifupa mingi, na kila mmoja una zamu yake. Mtoto anapozaliwa, ile mifupa minane midogo ya kifundo haionekani kwenye eksrei, yote bado ni gegedu. Karibu na mwezi wa tatu inajitokeza miwili ya kwanza. Mingine inafuata mwaka hadi mwaka. Balehe inapopamba moto, kunatokea kikokwa cha mfupa, kidogo mno, karibu na fundo la dole gumba. Nikikiona kwenye picha ya mvulana najua mwaka wake wa kurefuka umefika au unabisha hodi. Baada ya hapo kazi inakuwa ya kufunga: ncha za vidole zinaanza, na wa mwisho ni ule mfupa mkubwa wa kigasha upande wa dole gumba, ambao kwa wavulana wengi hufunga kati ya miaka 17 na 19. Zamu hizi karibu hazibadiliki kutoka mtoto mmoja hadi mwingine. Mwendo ndio unaotofautiana.

Kitabu tunachotumia kulinganisha picha hizo kilitungwa na Greulich na Pyle, kikatoka mwaka 1950 na kurudiwa mwaka 1959. Watoto waliopigwa picha zake walikuwa wa jiji la Cleveland, Marekani, miaka ya 1930 na mwanzoni mwa 1940, weupe, wa familia zenye uwezo. Ndiyo rula tuliyo nayo. Mtoto wa Kilosa aliyeugua malaria mara sita na kula mlo mmoja kwa siku anapolinganishwa na mtoto wa wakili wa Cleveland, msishangae mifupa yake ikisema 12 na cheti chake kinasema 14. Cheti hakijadanganya. Na hata kwa mtoto mwenye afya kabisa, tofauti ya mwaka mmoja au miwili kati ya mifupa na kalenda katika umri huu ni jambo la kawaida. Ndiyo maana mtu akiniletea picha ya mkono na kusema, "Daktari, niandikie huyu kazaliwa mwaka gani," ninamrudishia picha yake.

Mtaniuliza, mbona FIFA wanapima? Wanapima, na ni vizuri mjue wanachopima. Walianza kuutumia mtindo huo rasmi kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 lililochezwa Nigeria mwaka 2009, na Afrika nzima ikaufuata. Kipimo ni MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku, si eksrei, kwa sababu MRI haina mionzi na si haki kummulika kwa mionzi mtoto asiyeumwa kwa ajili ya mashindano. Wanatazama ule mfupa mmoja wa kigasha niliousema, wanaupa daraja kuanzia moja hadi sita. Sita maana yake umefunga kabisa, na mchezaji anaondolewa. Daraja hizo zilitokana na utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kwa wachezaji wa miaka 14 hadi 19 kutoka Uswisi, Malaysia, Algeria na Argentina: miongoni mwa wenye miaka 16, hata mmoja kwa mia hawakufika waliokuwa wamefunga.

Sasa likazieni macho hilo. Kipimo kinasema, "Huyu amefunga, karibu hakika amevuka 17." Hakisemi, "Huyu hajafunga, kwa hiyo ana 16." Kijana wa miaka 19 aliyechelewa kubalehe anaweza kupita akipiga mluzi. MRI humnasa kijeba aliyekomaa mapema, na aliyechelewa kukomaa humwachia mlango. Mnakumbuka Aprili 2019, AFCON ya vijana chini ya 17 ilipochezwa hapa kwetu, Dar es Salaam. Guinea walifika fainali wakafungwa na Cameroon kwa penalti, kisha CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikawaondoa kwa sababu ya wachezaji wawili, na Senegal wakaenda Kombe la Dunia badala yao. Kilichowafichua ni pasi za kusafiria: vijana wale walikuwa wameshacheza Japani wakiwa na tarehe nyingine za kuzaliwa. Kwa hiyo Mwenyekiti, jibu la swali lako la simu ni la kuchosha: mfuate kijeba kwenye rejesta ya darasa la kwanza, kwenye kadi ya kliniki, kwenye cheti cha ubatizo. Masharubu myaache.

Kipimo hicho cha daraja la sita, nieleze na hili, hakiwafai wasichana wa umri huo. Mifupa yao hufunga mapema zaidi, na msichana wa miaka 16 halali kabisa anaweza kuwa ameshafunga. Serengeti Girls wetu, timu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17, waliofika robo fainali ya Kombe la Dunia kule India mwaka 2022, wangepimwa kwa rula ya wavulana, labda tungebaki na nusu ya timu.

Nawarudia makocha. Mnapochagua watoto wa miaka 13, mnaamini mnachagua vipaji. Mara nyingi mnachagua balehe. Aliyebalehe mapema ana mbio, ana nguvu, anapiga mpira unafika, kwa hiyo anapata namba, anapata mazoezi mengi, anasifiwa. Mwenye mifupa ya miaka 11 anakaa benchi mpaka anachoka, anahamia kwenye bodaboda. Miaka minne baadaye yule wa kwanza amesimama pale pale alipokuwa, kwa sababu mifupa yake ilishafunga, na yule wa pili ndiyo kwanza anaanza kurefuka, ila hayupo tena. Uingereza, tangu mwaka 2015, baadhi ya akademi za Premier League zimejaribu kuandaa mechi ambazo watoto wanapangwa kwa hatua ya ukuaji, si kwa mwaka wa kuzaliwa. Wadogo wanapata nafasi ya kuushika mpira, na wale majitu wanakuta kwa mara ya kwanza kwamba nguvu peke yake haitoshi, inabidi wafikiri. Hilo halihitaji MRI. Linahitaji mwalimu mwenye daftari na futikamba.

Kwani futikamba ni shilingi ngapi? Mpimeni kila mtoto kila baada ya miezi mitatu, bila viatu, visigino na mgongo ukutani. Mnamtafuta anayeruka: ameongeza sentimita mbili na nusu kwa miezi mitatu, basi yumo kwenye kilele. Huyo ndiye wa kumwangalia kuliko wote, na hapa nitakawia kidogo, maana ndipo napokea majeruhi.

Mfupa unarefuka kwanza, madini yanaufuata nyuma kwa miezi sita hivi hadi mwaka. Katikati hapo mtoto ana mifupa mirefu ambayo haijajaa. Ni kama nyumba iliyoezekwa kabla ukuta haujakauka. Ndiyo sababu kuvunjika mkono wa mbele kunazidi katika umri huo huo, kijana kaanguka chini tu, hakusukumwa, na mkono umepinda. Misuli nayo imevutwa na mfupa uliokimbia, kwa hiyo inavuta pale iliposhikia. Mvulana atakuonyesha uvimbe mgumu chini kidogo ya goti, unauma akipiga magoti au akiruka. Hajarogwa, na si lazima aache mpira mwaka mzima. Mpunguzie kuruka na kukimbia mpaka maumivu yapoe, tabaka likifunga kwa kawaida linatulia lenyewe.

Lakini kuna goti jingine, na nawasihi mlishike hata mkisahau mengine yote. Nililetewa kijana wa miaka 13, mnene kiasi, kipa. Alikuwa anachechemea miezi mitatu. Analalamika goti. Alikotibiwa kwanza walimpiga picha ya goti mara mbili, safi, wakampa dawa ya maumivu na kumwambia arudi mazoezini. Mama yake ndiye aliyegundua kwamba mwanawe akikaa, mguu mmoja unaangalia nje. Tatizo halikuwa goti hata kidogo. Lilikuwa nyonga: kichwa cha mfupa wa paja kilikuwa kinateleza kutoka kwenye shingo yake, pale pale kwenye tabaka la ukuaji, kama aiskrimu inayoteleza kwenye koni. Maumivu ya nyonga husafiri na mshipa mpaka gotini. Alifungwa skrubu, anatembea, ila mguu ule ni mfupi kidogo. Angekuja wiki ya kwanza tungekuwa na habari nyingine. Kwa hiyo, kijana aliye kwenye balehe anayechechemea na kulalamika goti, mwombeni daktari amshike na nyonga. Na asiutembelee mguu huo mpaka apimwe.

Wazazi wa wasichana, sijawasahau. Sisi tunasema binti amevunja ungo, na neno hilo kwetu lina uzito: amekuwa mwali, anafundwa, kuna nyumba posa zinaanza kubisha. Mimi nikimtazama kwa macho ya kazi yangu, namwona mtoto aliyepita kilele cha kurefuka kama mwaka mmoja tu uliopita. Bado ataongeza kama sentimita tano hadi saba. Na fupanyonga lake, ile njia ya mifupa ambayo mtoto hupitia, hukua polepole kuliko kimo na huendelea kutanuka kwa miaka kadhaa baada ya hedhi ya kwanza. Akishika mimba akiwa na miaka 14, ana tumbo la mama na nyonga ya mtoto. Leba inakwama siku mbili, kichwa cha mtoto kinabana kibofu, na ndiyo fistula, tundu linalovujisha mkojo. Sheria yetu ya ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi, hata wa 14 kwa idhini ya mahakama. Mahakama Kuu ilivikataa vifungu hivyo mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Majaji walisema kwa lugha ya Katiba. Ningeitwa kutoa ushahidi ningepeleka picha ya nyonga.

Na binti mwanamichezo ambaye hedhi yake imekatika kwa miezi mitatu, kisa anakimbia sana na hali vya kutosha, msimpongeze kwamba amepungua. Estrojeni imeshuka, na mifupa inadai. Karibu robo ya mfupa wa mtu mzima huwekwa katika miaka miwili tu iliyozunguka kile kilele cha kurefuka. Akiikosa miaka hiyo hairudi. Wapeni dagaa, na mifupa yake, siyo mchuzi tu, wapeni maziwa au mtindi panapowezekana, maharage, mayai. Mchicha ni mzuri kwa mengi, ila kalsiamu yake mwili huipata kwa shida, msiutegemee peke yake.

Kuna wanaochelewa kwa sababu. Mtoto mwenye selimundu, mtoto aliyezaliwa na virusi vya UKIMWI, mwenye ugonjwa wa muda mrefu wa figo au moyo, hawa mara nyingi balehe inachelewa na mifupa pamoja nayo. Kuna na wanaochelewa kwa kurithi tu: uliza baba, atakwambia naye alirefuka akiwa kidato cha nne. Wa kuletwa hospitali ni msichana aliyefika miaka 13 bila dalili yoyote ya matiti, na mvulana aliyefika 14 bila korodani kuongezeka. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwa wavulana, ndevu na sauti ni wageni wa baadaye. Na mleteni yule wa upande wa pili: msichana aliyeota matiti kabla ya miaka minane, mvulana aliyeanza kabla ya tisa. Huyo kwa sasa ndiye mrefu kuliko wote darasani na kila mtu anamsifu, lakini mifupa yake inakimbilia kufunga, na anaweza kuishia mfupi kuliko hao wanaomtazama juu leo. Akiletwa mapema zipo dawa za kuisimamisha balehe kwa muda.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Namalizia. Pale mlangoni nimebandika karatasi ya kupimia ukutani na muuguzi yupo na daftari. Vijana mtapita mmoja mmoja kabla ya kwenda kula. Viatu mvue, na nyinyi wenye nywele za kuchomoza juu, zitalazwa kwa rula.